Kubadilisha Klachi ya Gari Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa yanahusu uamuzi mmoja: je, klachi ya gari lako uibadilishe mwenyewe nyumbani, au umpelekee fundi? Majibu yanahusu magari ya kubadilisha gia kwa mkono. Hayawezi kushika nafasi ya kitabu cha ufundi cha gari lako, ambacho utakihitaji kwa vipimo vya kukazia bolti, aina ya oili na mpangilio wa kufungua. Kama huna kitabu hicho na huna namna ya kukipata, basi tayari umepata sababu moja nzito ya kutoanza kazi.

## Je, kweli ni klachi?

Klachi inafanya kazi gani, na ni vitu gani hubadilishwa?

Klachi huunganisha na kutenganisha injini na gia boksi. Flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma, imefungwa kwenye ncha ya krankshafti (shafti kuu ya injini) na huzunguka pamoja na injini wakati wote. Presha pleti imefungwa kwa bolti juu ya flaiwili, na katikati yao imebanwa sahani ya klachi, ambayo kitovu chake kina meno yanayovaana na meno ya shafti ya gia boksi. Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi husukuma vidole vya springi ya presha pleti, mbano hulegea, na sahani hubaki huru bila kupokea nguvu ya injini.

Seti ya kawaida ya klachi huwa na vitu vitatu: sahani, presha pleti na beringi. Kuvifunga si kazi ngumu, kwani ukishavifikia, kuvitoa na kuweka vipya ni jambo la chini ya saa moja hata kwa mtu anayejifunza. Kazi yenyewe ni kuiondoa gia boksi iliyoviziba, kisha kuirudisha mahali pake bila kuharibu kitu na bila kujiumiza. Swali la kweli, kwa hiyo, ni kama unaweza kuishusha na kuipandisha gia boksi ya gari lako, mahali ulipo, kwa vifaa ulivyonavyo.

Nitajuaje kwamba klachi imekwisha?

Dalili iliyo wazi zaidi ni kuteleza: unaongeza mafuta, mzunguko wa injini unapanda, lakini mwendo wa gari hauongezeki kwa kiasi hicho. Huanza kuonekana kwenye mlima, gari likiwa na mzigo, au ukiwa kwenye gia kubwa. Kuipima, tafuta barabara iliyo wazi na salama, injini ikiwa imepata moto, weka gia ya tatu au ya nne kwenye mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Klachi nzima italifanya gari liongeze kasi polepole na kwa uzito, ilhali iliyokwisha itaiacha injini ingurume ghafla na mshale wa kipimo cha mizunguko uruke mbele ya mwendo. Usilirudie jaribio hili mara nyingi, maana kila kuteleza kunazalisha joto linalounguza flaiwili.

Kabla ya kuhukumu, angalia kama gari lako linatumia kebo ya klachi. Kebo iliyokazwa kupita kiasi, bila nafasi yoyote ya kuchezea kwenye pedali, huifanya klachi isibane kikamilifu na kuteleza kana kwamba imelika. Marekebisho ya dakika kumi hapo yameshawaepusha watu wengi kufungua gia boksi bure.

Gia zinakataa kuingia au zinasaga. Je, nibadilishe klachi?

Usikimbilie huko. Kusaga, hasa kwenye gia ya kurudi nyuma, mara nyingi kunamaanisha kwamba klachi haiachii, na chanzo chake huweza kuwa nje kabisa ya gia boksi. Kwenye mfumo wa maji ya klachi, yaani unaotumia msukumo wa maji maalumu badala ya kebo, angalia kwanza kiwango cha maji kwenye chupa, kisha tafuta unyevu kuzunguka masta silinda iliyo nyuma ya pedali, na kuzunguka silinda ndogo iliyo kwenye gia boksi. Mwombe mtu akanyage pedali huku wewe ukitazama fimbo ya silinda ndogo ikisukuma uma wa klachi: ikiwa inasogea kidogo tu, au inarudi yenyewe wakati pedali bado imekanyagwa, tatizo ni silinda au upepo ulioingia kwenye bomba, na unaweza kulitibu bila kugusa gia boksi.

Tofauti ni kwenye magari ambayo silinda hiyo imewekwa ndani, ikizunguka shafti ya gia boksi pamoja na beringi. Hapo hakuna fimbo ya kutazama, na ikivuja, maji hudondoka sehemu ya chini ambapo injini na gia boksi vinakutana. Ukiyaona maji hayo, gia boksi lazima ishuke, hata kama sahani bado ina uhai.

Nasikia mlio. Ni wa klachi?

Wakati wa mlio ni muhimu kuliko sauti yake. Ukianza pale unapoanza kukanyaga pedali, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya klachi. Ukisikika gari likiwa huru bila gia, kisha ukanyamaza unapokanyaga pedali, mshukiwa ni beringi ya shafti ya kuingilia ndani ya gia boksi, na seti mpya ya klachi haitauondoa. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, kagua maunti za injini, yaani vishikio vyake vyenye mpira, kabla ya kuilaumu klachi, ingawa oili iliyoingia kwenye sahani na flaiwili iliyoungua huleta mtetemo uleule.

Naweza kuendelea kuliendesha huku nikitafakari?

Kwa muda mfupi, na kwa upole, inawezekana. Lakini kila safari ya klachi inayoteleza inahamishia gharama kwenye flaiwili. Sahani ikilika hadi kufikia rivati, rivati hizo huchimba mitaro kwenye uso wa flaiwili, na kitu ambacho kingesafishwa tu sasa kitahitaji kuchongwa au kununuliwa kipya. Kama umeshaona kuteleza kwenye gia ya tatu, punguza safari na ufanye uamuzi mapema.

## Kuamua: mimi au fundi?

Mtu asiye fundi anaweza kweli kufanya kazi hii?

Anaweza, na wengi wameifanya. Hata hivyo, isiwe kazi yako ya kwanza kwenye gari. Mtu aliyekwisha kubadilisha breki, kutoa draivu shafti (shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu) au kufungua stata anajua bolti iliyoshika kutu inavyokataa, anajua kupanga vipande kwa utaratibu, na anajua wakati wa kuacha kutumia nguvu. Aliyewahi kubadilisha oili tu atajifunza mambo hayo yote akiwa amelala uvunguni mwa gari, na hapo ni mahali pabaya pa kujifunzia.

Jiulize pia kuhusu mahali. Unahitaji sakafu ngumu na tambarare, ya saruji au lami iliyo imara, iliyokingwa na mvua, ambapo gari linaweza kukaa likiwa limefunguliwa kwa siku kadhaa bila kumkera mtu. Udongo, changarawe na mteremko vinatosha kulifunga swali hili. Nasema hivyo bila kusitasita, kwa sababu ujuzi hauwezi kuizuia jeki inayozama kwenye udongo.

Nitajuaje kama gari langu ni rahisi au gumu?

Kwa ujumla, gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, lenye injini ya kawaida na nafasi ya kutosha kuzunguka gia boksi, liko upande wa rahisi. Draivu shafti mbili hutoka, gia boksi inatenganishwa na injini kwa upande, kisha inashushwa. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma lina mantiki nyepesi zaidi, kwa kuwa gia boksi inanyooka kuelekea nyuma na unatoa propela shafti moja tu, lakini bolti za juu za gia boksi mara nyingi zimejificha dhidi ya ukuta wa injini, na hufikiwa kwa kuunganisha vipande kadhaa virefu vya kuongezea soketi.

Ugumu hupanda ghafla pale ambapo gia boksi haiwezi kushuka bila kuondoa krosimemba, yaani boriti ya chuma iliyokatiza chini ya gari, inayobeba usukani na mikono ya magurudumu. Hapo unagusa usukani, na baada ya kufunga utahitaji kupanga magurudumu. Kama usukani una mfuko wa hewa, ufunge usizunguke mara tu unapoitenganisha shafti yake, kwa sababu waya ulioviringishwa ndani yake hukatika ukizungushwa kupita mwisho wake. Magari ya magurudumu manne, yaani yanayoendeshwa na magurudumu yote manne, yanaongeza boksi la kugawa nguvu, yaani uzito na shafti zaidi.

Njia bora ya kupata jibu ni kusoma sura nzima ya kutoa gia boksi kwenye kitabu cha ufundi, kisha kuingia chini ya gari kwa tochi na kukitafuta kila kilichotajwa. Kama kuna bolti ambayo huwezi kuiona wala kuigusa, ijue kabla hujaanza.

Kazi itachukua muda gani?

Gereji yenye lifti humaliza gari la kawaida kwa saa 4 hadi 8. Anayefanya kwa mara ya kwanza nyumbani atenge siku mbili kamili, na awe tayari kwa siku ya tatu. Muda hauliwi na klachi. Unaliwa na nati moja ya kitovu cha gurudumu iliyogoma, kilengeo (kifaa cha kuweka sahani katikati) ambacho hakikuja na seti, au sili uliyogundua inavuja wakati maduka yamefungwa. Kwa hiyo, kama unalihitaji gari hilo kwenda kazini kesho kutwa na huna usafiri mwingine, mpe fundi. Haraka ndiyo huwafanya watu warudishe bolti bila kupima, au waikubali sili kuukuu kwa sababu ipo.

Je, nitaokoa fedha kweli?

Utaokoa ujira, ambao katika kazi hii ni sehemu kubwa ya gharama na mara nyingi hulingana na bei ya vipuri au kuizidi. Lakini toa kwanza gharama ya vifaa usivyonavyo, oili mpya ya gia boksi, maji ya klachi, sili, na bolti zisizofaa kutumiwa tena. Mwenye vifaa tayari, au anayeweza kuvikodisha, anabakiwa na akiba ya maana. Anayeanza na sanduku tupu huenda akaona kwamba kazi ya kwanza imelipia vifaa tu, na faida itaanza kwenye kazi ya pili.

Kuna gharama nyingine ambayo watu husahau kuipigia hesabu. Fundi mwenye jina hutoa dhamana, na ikiwa klachi itatetemeka baada ya wiki moja, ataishusha gia boksi tena kwa gharama yake. Ukifanya mwenyewe, dhamana ya vipuri inaweza kukupa sahani nyingine, lakini kazi ya kufungua upya ni yako.

Ninahitaji vifaa gani?

Jeki ya magurudumu yenye uwezo unaozidi uzito utakaouinua, stendi imara zisizopungua mbili, na jeki ya gia boksi au namna nyingine ya kuibeba. Soketi na spana za ukubwa wote, vipande virefu vya kuongezea, mpini mrefu wa kulegeza nati ngumu, na toki renchi, yaani spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Kilengeo cha kuweka sahani katikati, chombo cha kukingia oili, dawa ya kusafishia breki, na kifaa cha kuishikilia injini kwa juu kwenye magari ambayo gia boksi ni mojawapo ya nguzo zake.

Toki renchi watu huiona kama anasa. Bolti za presha pleti kwenye magari mengi madogo hukazwa kwa takriban Newton mita 20 hadi 25, na nati ya kitovu cha gurudumu mara nyingi huzidi 200. Mkono uliozoea kukaza kwa kukisia utazikata za kwanza na kuilegeza ya pili.

Naweza kufanya peke yangu?

Kufungua sehemu kubwa, ndiyo. Kuishusha na kuipandisha gia boksi, hapana. Unahitaji mtu wa pili kwa dakika hizo, na ni vyema kuwe na mtu karibu muda wote unapokuwa chini ya gari, hata kama hajui lolote kuhusu magari.

## Usalama na uzito

Gari liinuliwe vipi?

Hakuna mtu anayeingiza mwili wake chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde chache za kuokota nati. Jeki huinua, na stendi hubeba. Stendi ziwekwe kwenye sehemu ambazo kitabu cha gari kinazitaja, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa vizuizi mbele na nyuma, kisha lisukume gari kwa nguvu kutoka pembeni kabla ya kuingia. Likitikisika, bora litikisike ukiwa nje. Matofali na vipande vya zege visitumike kamwe kama stendi, kwa sababu hupasuka ghafla bila dalili. Gurudumu lililotolewa liwekwe limelala chini ya kingo ya gari kama kinga ya ziada.

Kumbuka kwamba gia haitalishikilia gari tena mara draivu shafti au propela shafti zinapotoka. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma lililoegeshwa kwa gia tu, huo ndio wakati linapoanza kuondoka.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi hukikumbuka wakiwa wamechelewa: urefu kutoka sakafuni hadi chini ya bampa. Gia boksi ikishashuka inapaswa kuvutwa itoke chini ya gari, na ganda lake linalofunika klachi ni pana. Kipime kipenyo chake kwa makadirio, ongeza urefu wa jeki itakayoibeba, na uliinue gari hadi kimo hicho tangu mwanzo.

Gia boksi ina uzito gani?

Kwa gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, tarajia kilo 30 hadi 50. Kwenye gari kubwa la magurudumu manne, gia boksi pamoja na boksi la kugawa nguvu huweza kupita kilo 100. Hata ile ndogo haina mahali pazuri pa kushika, uzito wake uko upande mmoja, na imejaa oili na tope. Kuipokea kifuani ukiwa umelala chali, kama baadhi ya watu wanavyofanya, kumevunja mbavu na vidole. Iweke kwenye jeki yake na uifunge kwa mkanda kabla hujatoa bolti ya mwisho.

Vilevile, usiiache ining'inie kwa shafti yake ikiwa bado imeingia kwenye sahani. Uzito huo hukunja kitovu cha sahani, na ukifanya hivyo wakati wa kurudisha, umeiharibu klachi mpya kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Vumbi lililomo ndani ni la hatari?

Lichukulie hivyo. Sahani za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha magonjwa ya mapafu na saratani. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake mwaka 2005, lakini gari kuukuu au kipuri kisichojulikana kilikotoka huweza kuwa nayo bado. Usipulize kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kifunge kwenye mfuko, na uvae barakoa inayofaa kwa vumbi laini.

## Gia boksi ikiwa chini

Nibadilishe sahani peke yake?

Hapana, badilisha seti nzima. Beringi ikianza kulia baada ya miezi michache, kazi ya kuifikia ni ileile uliyoimaliza. Kwa mantiki hiyohiyo, silinda iliyo ndani ya gia boksi ibadilishwe hata kama haivuji, na sili ya nyuma ya krankshafti ikaguliwe kwa makini, kwa kuwa oili kidogo tu ikifika kwenye sahani mpya huitia mtetemo au mtelezo usiosafishika.

Flaiwili je?

Itazame kwenye mwanga mzuri. Uso wenye rangi ya kijivu inayolingana, uliong'aa kidogo, unahitaji kusuguliwa kwa msasa na kusafishwa tu. Madoa ya samawati yanaonyesha joto kali, na nyufa ndogo kama nywele zinaonyesha kwamba joto hilo lilikuwa la muda mrefu. Yenye madoa huweza kuchongwa mashineni ndani ya kipimo cha mtengenezaji, na yenye nyufa zilizoenea huachwa. Ukiitoa, kumbuka kwamba bolti zake kwenye magari mengi ni za kutumika mara moja, zikikazwa kwa kipimo cha nguvu kisha kwa nyuzi za mzunguko. Kwa flaiwili za vipande viwili, tazama sehemu inayofuata.

Ni wapi watu hukosea wakati wa kufunga?

Kosa lenye gharama kubwa kuliko yote ni kuigeuza sahani. Kitovu chake kina upande ulioinuka na upande ulio bapa, na mara nyingi sahani huandikwa upande wa gia boksi au wa flaiwili. Ikigeuzwa, klachi haiachii au inasaga bolti za flaiwili, na hutajua mpaka kila kitu kiwe kimerudishwa. Piga picha ya sahani ya zamani kabla hujaitoa.

La pili ni uchafu. Presha pleti mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu kwenye uso wake wa kubana, na mafuta hayo yaondolewe kwa dawa ya breki. Vidole vyenye grisi visiguse sahani. Meno ya shafti hupakwa grisi kidogo mno, ile inayoelekezwa na mtengenezaji, kisha sahani huvishwa na kutolewa ili ziada ifutwe. Grisi iliyozidi hurushwa na mzunguko hadi kwenye sahani. Vitovu vilivyopakwa nikeli kiwandani havihitaji grisi kabisa.

La tatu ni kukaza presha pleti upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine. Bolti hukazwa kwa kuvuka, nusu mzunguko kila moja, mpaka pleti ikae sawa kwenye pini zake, huku kilengeo kikiwa mahali pake.

La nne hutokea kwa mtu aliye ndani ya gari: kukanyaga pedali wakati gia boksi imetolewa. Pistoni ya silinda hutoka mahali pake na maji humwagika. Weka kibao chini ya pedali, au kikaratasi kwenye usukani.

Gia boksi inakataa kurudi kwa sentimita chache za mwisho. Nifanye nini?

Acha kusukuma. Huenda sahani haikulengwa vizuri, au meno ya shafti hayajakutana na ya kitovu. Weka gia boksi kwenye gia, zungusha kidogo upande wake wa kutokea, huku msaidizi akiinua au kuishusha jeki kwa milimita chache hadi pengo kati ya injini na gia boksi lilingane pande zote. Ikilingana, itaingia yenyewe kwa kusukumwa na mikono.

Usiivute kwa kukaza bolti. Ganda ni la alumini, na sikio lake la kupitishia bolti hupasuka, na kinachogharimu hapo si klachi tena bali gia boksi nzima. Hakikisha pia kwamba pini za kulengea zilizo kati ya injini na gia boksi zimerudishwa zote, kwani zikikosekana, gia boksi inakaa pembeni kidogo na klachi mpya hufa mapema.

## Hali zisizo za kawaida

Gari langu lina flaiwili ya vipande viwili. Je, bado nijaribu?

Flaiwili hii ina springi ndani yake za kupunguza mtetemo na ni ya kawaida kwenye magari mengi ya dizeli. Haichongwi. Hupimwa kwa kiasi inavyozunguka na kuyumba kati ya vipande vyake, kwa viwango vya mtengenezaji, na ikizidi hubadilishwa yote, mara nyingi kwa bei inayozidi ya klachi. Unaweza kuifunga nyumbani, lakini panga bajeti ukijua kwamba huenda ukaihitaji.

Jambo linaloomba tahadhari zaidi ni presha pleti zinazojirekebisha zenyewe kadiri sahani inavyolika. Nyingi kati ya hizo hufungwa kwa kifaa maalumu kinachoibana springi kabla ya bolti kukazwa. Ukizikaza kwa njia ya kawaida, mfumo wa kujirekebisha unaweza kusogea, na pedali inakosa mwendo sahihi tangu siku ya kwanza. Bila kifaa hicho, sehemu hii mwachie fundi.

Na gari linalobadilisha gia lenyewe kwa klachi mbili?

Hapo jibu langu ni hapana. Klachi hizo hupangwa kwa vipimo vya sehemu za milimita na vifaa maalumu, kisha kompyuta ya gari hufundishwa upya mahali klachi inapoanza kushika. Magari yenye klachi moja inayoendeshwa na mota badala ya pedali nayo huhitaji hatua hiyo ya kompyuta.

Kuna magari ambayo hayahitaji kutoa gia boksi?

Yapo, na ni vyema kujua kama lako ni mojawapo. Saab 900 za kizazi cha kwanza zina klachi upande wa mbele wa injini, na hubadilishwa bila kushusha injini wala gia boksi. Kwenye Volkswagen Beetle ya zamani inayotoka ni injini, iliyoshikiliwa kwenye gia boksi kwa bolti nne. Wenye Subaru nao wakati mwingine huona ni rahisi kuinua injini kuliko kushusha gia boksi.

Nimekwama katikati ya kazi. Naweza kulivuta gari hadi gereji?

Usilisogeze kwa magurudumu yake kabla ya kuuliza mambo mawili. Kwanza, kwenye magari mengi beringi za magurudumu ya mbele hubanwa na draivu shafti, na gari likishushwa juu ya gurudumu lisilo na shafti, beringi huharibika. Pili, injini iliyobaki bila gia boksi inaweza kuwa imeshikwa upande mmoja tu. Gari kama hilo libebwe juu ya lori. Fundi anayepokea kazi iliyofunguliwa nusu hutoza zaidi, na ana haki, kwa kuwa hajui bolti gani imetoka wapi. Mpe bolti zikiwa kwenye mifuko iliyoandikwa, na picha zako.

Naweza kununua vipuri mwenyewe, fundi afunge?

Unaweza, ukielewana naye kabla. Mafundi wengi hawatoi dhamana kwa kipuri ambacho hawakukileta. Kwa mtu ambaye gari lake limo kwenye kundi gumu lakini anajua kuchagua seti sahihi kwa namba ya chesesi, huu ni mgawanyo mzuri wa kazi.

Nimemaliza, lakini pedali inabaki chini.

Kama mfumo ni wa maji, toa upepo kwanza, na usikate tamaa mapema, kwani baadhi ya mifumo hukubali tu ukisukuma maji kutoka chini kwenda juu. Tumia maji yanayotajwa kwenye kifuniko cha chupa. Magari mengi hutumia maji ya breki, na mara nyingi chupa ni hiyohiyo ya breki, ilhali machache hutumia mafuta ya madini, na kuyachanganya huharibu mipira yote ya mfumo. Kama mfumo ni wa kebo, rudia marekebisho ya mwendo huru. Ikiwa yote ni sawa na klachi bado haiachii, rejea swali la kukosea wakati wa kufunga, hasa upande wa sahani.

Klachi mpya inahitaji kuzoeshwa?

Ndiyo. Kwa kilomita 500 za mwanzo ondoka kwa upole, epuka kuvuta mzigo, na usilishikilie gari mlimani kwa klachi. Harufu nyepesi katika safari za kwanza ni ya kawaida, lakini harufu inayoendelea siyo. Kabla ya kutoka mara ya kwanza, hakikisha oili ya gia boksi imerudishwa hadi kwenye kiwango, kisha baada ya kilomita 50 hivi kaza tena nati za magurudumu kwa toki renchi na uangalie chini kama kuna tone lolote pale injini na gia boksi vinapokutana.